Kizibao cha Figo Mbili

6 Mei

Shikamoo mama,

Nimefika salama, nimepewa chumba nyuma ya ofisi ya walimu. Kitanda cha chuma, meza yenye miguu mitatu na nusu, na dirisha linalotazama tangi la maji. Simu huku ni pambo, mtandao haufiki, kwa hiyo tuzoee barua. Dereva wa basi la mizigo hupita Jumanne na Ijumaa, amekubali kuzibeba.

Nimeanza kazi vibaya, mama, sikufichi. Jana nilifundisha mfumo wa mkojo. Nilipolitamka tu lile neno, watoto arobaini na sita wakaangua kicheko. Nikachora figo ubaoni, mmoja akauliza kama ni maharage. Chati pekee ya mwili wa binadamu iliyopo hapa shuleni imeliwa na mchwa kuanzia kifuani kwenda chini. Nimebaki na mtu mwenye mapafu tu.

Mwalimu mkuu alinivuta kando. "Ruka hapo," akaniambia. "Nenda kwenye macho na masikio. Mambo ya msalani hayafundishiki." Lakini mkaguzi anakuja mwezi wa saba, naye ndiye atakayechagua mada. Mimi bado niko kwenye majaribio. Nikishindwa mbele yake, nitapokonywa sayansi nipewe kipindi cha mwandiko.

Nafikiri nitaruka.

Mwanao,
Sindano

11 Mei

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Tangu lini wewe ukaruka? Nilikuita Sindano kwa sababu ulizaliwa mwembamba, lakini sindano nayo ina sifa yake: haizunguki kitambaa, inapita katikati.

Watoto wamecheka kwa sababu hawajakiona kitu chenyewe. Mtu akisikia habari za suruali ambayo hajaiona, atacheka. Akivalishwa, atatulia ajitazame.

Sasa sikiliza. Nitakushonea. Sio picha ya kutundika ukutani mchwa waje wale tena. Nitashona kizibao, mtoto akivae, na viungo vyote vikae palepale vinapokaa mwilini. Nina mabaki ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee, nina satini, nina lastiki, nina zipu za kila urefu. Ninachokosa ni vipimo. Nipe vipimo, usinipe hadithi. Fundi hashoni kwa kukisia.

Uniambie pia kila kimoja kinafanya kazi gani. Miaka thelathini nimevalisha watu kwa nje bila kujua ndani kuna nini. Siwezi kushona mfuko bila kujua utabeba nini.

Mimi mzima. Kiuno kinanisumbua kidogo, ila hicho ni kiuno cha kila mshonaji.

Mama yako

17 Mei

Shikamoo mama,

Nilipoipata barua yako nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Haya, chukua chaki.

Figo ni mbili. Kila moja ni kama ngumi yako: urefu sentimita kumi na moja, upana sita, unene tatu. Zinakaa mgongoni, huku na huku ya uti, zimefunikwa kidogo na mbavu za mwisho. Ya kulia ishushe kidogo, maana juu yake kuna ini. Watu wengi hudhani figo ziko tumboni kwa mbele. Usidhani hivyo.

Kazi yake ni kuchuja damu. Ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo kama milioni. Kwa siku moja vinachuja kama lita mia na themanini, halafu karibu zote vinazirudisha mwilini: maji, sukari, chumvi inayohitajika. Uchafu na maji ya ziada ndiyo mkojo, lita moja na nusu hivi, au mbili. Figo pia hulinda shinikizo la damu lisipande ovyo, na husaidia mwili kutengeneza damu mpya.

Kutoka kila figo unateremka mrija mmoja, urefu sentimita ishirini na tano, upana milimita tatu au nne tu. Mkojo hauanguki humo kama maji ya bomba. Kuta za mrija hujikaza na kulegea, zinausukuma kidogo kidogo hadi kwenye kibofu.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kikiwa kitupu kimesinyaa, kikijaa kinabeba karibu nusu lita. Mlangoni pana msuli wa kukaza. Huo ndio unaotuwezesha kusubiri.

Na mwisho kabisa ni njia ya kutokea. Kwa wanawake ni sentimita nne. Kwa wanaume ni ishirini. Samahani mama.

Mwanao,
Sindano

25 Mei

Mwanangu,

Unaniomba samahani ya nini? Nani alikuwa akikubadilisha nepi?

Figo zimekwisha. Nje mahameli, ndani nimetia bitana ya waridi, na ubavuni zipu ili mtoto afungue aone. Nilipofika hapo pa lita mia na themanini niliacha mkasi. Inachukua kila kitu, inachagua, inarudisha cha kufaa, inatupa kisichofaa. Ndivyo ninavyofanya na vipande vya kitambaa, ila mimi hufanya mwisho wa wiki, na hiyo inafanya hivyo bila kupumzika, na hakuna anayeishukuru.

Kibofu kimenipa jasho. Nilikishona mara ya kwanza kikawa kama mkoba. Nikakifumua. Sasa nimekitia marinda na lastiki, kikiwa kitupu kinasinyaa, ukikijaza pamba kinafura. Mama yako mdogo alitoka saluni kwake na kitana mkononi kuja kukitazama, akakijaza na kukitoa pamba mara sita. Wateja wake wakabaki na nywele nusu.

Njia ya kutokea nimeshona mbili, ya kike na ya kiume, zinabadilishwa kwa kishikizo. Ya kiume nitaitia kwenye bahasha yake. Usiitoe kabla mwalimu mkuu hajakaa.

Nina swali moja la kifundi. Hiyo mirija ya milimita tatu. Kitu kigumu kikiteremka humo, tuseme punje ya mchanga au kubwa zaidi, itakuwaje? Mwenye mwili atasikia nini? Na mkojo ukiwa na rangi ya kutu, maana yake nini? Nauliza kwa ajili ya mteja wangu mmoja, mwanamke wa makamo. Anaona haya kumwuliza daktari.

Mama yako

1 Juni

Shikamoo mama,

Swali lako ni zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nianze ualimu! Nililipeleka darasani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Hilo ni jiwe la figo. Mtu asipokunywa maji ya kutosha, chumvi na takataka nyingine za mkojo hugandamana zikawa jiwe. Likikaa ndani ya figo, mtu anaweza asijue. Likianza kuteremka kwenye mrija, hapo ndipo kazi ilipo: maumivu huanzia mgongoni chini ya mbavu, yanashuka hadi kinenani, yanakuja na kuondoka kama mawimbi. Wengine hutapika. Rangi ya kutu ni damu, jiwe linakwaruza njia.

Likiwa dogo, maji mengi hulitoa lenyewe. Likikwama, mkojo unakosa pa kupita, unarudi juu, figo inavimba. Na mama, mwambie mteja wako hivi hivi nilivyoandika: AKIPATA HOMA NA KUTETEMEKA JUU YA MAUMIVU HAYO, ASINGOJE KESHO. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Figo inaweza kuharibika, na sumu ikaingia kwenye damu. Haya ya nini? Daktari anaona mikojo ya watu tangu asubuhi.

Mwulize pia kama kazi yake ni ya kukaa. Watu wa kukaa hujinyima maji ili wasiinuke kwenda msalani.

Kizibao kitakuwa tayari lini?

Mwanao,
Sindano

13 Juni

Mwanangu,

Mkono umechoka kwa mkasi, kwa hiyo namtamkia mama yako mdogo, yeye anaandika. Yale ya mteja nilimfikishia. Amekushukuru sana.

Kizibao kitachelewa kidogo. Nimeshikwa na sare za shule, hesabu haina mwisho. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

(Mimi mwandishi nakusalimu, mwanangu. Nina neno langu lakini nimekatazwa, na anachungulia kila herufi. Mama yako mdogo.)

18 Juni

Shikamoo mama,

Nimesikitika kidogo. Mkaguzi ameleta taarifa: anakuja tarehe nane Julai, na mada aliyochagua ni ileile. Nilimwambia mwalimu mkuu, kwa kifua mbele, kwamba kifaa changu kiko njiani. Leo ameniuliza tena kama kinakuja kwa miguu.

Najua sare za watu zina tarehe zake. Lakini hata mimi nina tarehe yangu. Uliniambia nisiruke, sikuruka. Sasa naona kama nimebaki hewani. Kama hutaweza, niambie tu, nitachora kwenye maboksi.

Msalimie mama mdogo. Hilo neno lake aliandike, asiogope.

Mwanao,
Sindano

27 Juni

Mwanangu Sindano,

Kifungue taratibu.

Kamba za mabegani zinafupishwa, kitamkaa mfupi na mrefu. Figo ya kulia nimeishusha sentimita mbili. Mirija ni ya satini, ukiiminya kwa vidole kuanzia juu utaona kile ulichosema, kusukuma kidogo kidogo. Kwenye shingo ya kibofu kuna utepe wa kukaza, mtoto auvute, aachie, ataelewa yeye ni bwana wa nini.

Katika mrija wa kulia, chini kabisa, pale unapokaribia kuingia kibofuni, nimetia kifungo kidogo cheusi. Hilo ndilo jiwe. Juu yake mrija nimeupanua, na figo ya upande huo ina tundu la siri: ukiijaza pamba inavimba. Waonyeshe watoto. Kisha sukuma kifungo kitoke, waone figo ikisinyaa kurudi hali yake.

Nimefumua mara nne. Hakuna mshono humu ninaouonea haya. Nimewahi kushona magauni ya maharusi, nimewahi kushona joho la hakimu, lakini hiki ndicho ningependa kuandika jina langu ndani ya kola. Nimeliandika. Tazama.

Usichore kwenye maboksi.

Mama yako, fundi

10 Julai

Shikamoo mama, shikamoo tena!

Sijui nianzie wapi. Nilimvalisha Twiga, yule msichana mrefu wa benchi la nyuma ambaye huwa haongei. Alisimama mbele kama amevaa cheo. Mkaguzi, mtu wa miwani na kalamu mbili, alikuwa amekaa nyuma na uso wa mawe. Mwalimu mkuu kando yake, anatazama dari.

Nilisema "mkojo". Wakacheka wawili. Twiga akageuka akawaonyesha mgongo, figo mbili za mahameli chini ya mbavu, darasa likanyamaza. Alifungua zipu mwenyewe. Akavuta utepe, akauachia, akasema, "Kumbe ni mimi ninayeamua." Mkaguzi akaandika kitu.

Halafu tukafika kwenye kifungo. Niliwapa waminye wenyewe, kwa zamu. Figo ilipovimba, mmoja aliguna kama anaumwa yeye. Akauliza, "Mwalimu, mtu huyo atajuaje?" Nikawaambia yale yale niliyokuandikia. Wakayaandika madaftarini bila kuambiwa.

Kifungo kilipotoka, mama, walipiga makofi!

Mkaguzi alikuja mbele, akakishika kizibao, akakigeuza, akatazama mishono. Akaniuliza, "Ulijuaje kukiweka kifungo hapa? Mawe mengi hukwama hapa hasa, pale mrija unapoingia kibofuni. Walimu wengi hawajui." Nikamjibu ukweli: sikumwambia fundi mahali, fundi amejua mwenyewe. Akasoma jina lako kwenye kola kwa sauti. Amenithibitisha kazini. Na amesema shule zote za eneo lake zingependa kuona kazi ya mikono yako.

Ulijuaje, mama?

Mwanao,
Mwalimu wa Sayansi

15 Julai

Mwanangu mpenzi,

Sasa somo lako limepita, na nilimwapia mama yako kufunga mdomo mpaka lipite, sio siku moja zaidi. Kaa chini.

Hakukuwa na mteja. Hakukuwa na sare. Mteja ni mama yako.

Maumivu yalimwanza kabla hujasafiri. Alikuwa akiniambia ni kiuno. Mwezi wa tano nilimkuta ameinama juu ya cherehani, uso umelowa jasho, mkono mmoja mbavuni, mwingine ameshika kibofu chako cha marinda. Nikasema twende hospitali. Akasema, "Niende nikamwambie nini yule daktari kijana? Ni umri wa mwanangu." Unamjua. Afadhali aumie kuliko aseme.

Barua yako ya tarehe mosi ilifika siku anatetemeka. Nilidhani malaria. Akaisoma kitandani, akafika pale ulipoandika kwa herufi kubwa. Akaiweka kifuani, akasema, "Niletee viatu." Basi.

Hospitalini daktari alipomwuliza anaumwa nini, mama yako alimpa barua. Akaweka kidole kwenye mstari: "Soma hapa. Huyo mteja ni mimi." Yule kijana akaisoma yote, wima, mlangoni. Akauliza, "Nani aliyeandika?" Na mama yako, na homa yake ile, na midomo imekauka, alijiinua kwa kiwiko akajibu, "Mwalimu wangu." Hakusema mwanangu. Alisema mwalimu wangu. Muuguzi akageuka kumtazama.

Walimpiga picha, wakamwonyesha jiwe lenyewe, liko wapi. Milimita nane. Figo ilikuwa imevimba na mkojo ndani yake umeoza. Siku ile ile walimwekea mrija mwembamba, wakampa dawa za homa. Homa ilipotulia waliingia kwa njia ile ile ya mkojo, bila kisu, wakalivunja jiwe vipande. Daktari aliniambia mimi: siku mbili tatu zaidi, figo ile ingekwenda, pengine na mwenyewe.

Ule wakati ulipokuwa ukilalamika kizibao kimechelewa, alikuwa wodini. Sikulaumu, hukujua. Alikuwa ameniomba nimletee mrija wa satini na kifungo. Alikishona kifungo kile ameketi kitandani, picha ya daktari iko mapajani. Daktari mwenyewe alimsogezea taa.

Mama yako mdogo

18 Julai

Mama,

Nimeisoma ya mama mdogo. Nimetoka nje nikakaa kwenye ngazi za tangi, sikuweza kurudi darasani kipindi kizima.

Nilikufundisha ugonjwa wako mwenyewe na sikuuona. Uliniambia kiuno, nikapita. Uliniambia mkono umechoka, nikapita. Nikakuandikia kuhusu maboksi! Nisamehe. Lakini nami nina neno nawe: kwa nini ulinificha? Mimi ni mwanao, lakini sasa ni mtu mzima. Ungeniambia ningekuja siku hiyo hiyo.

Likizo inaanza Ijumaa ijayo. Nakuja. Usikatae.

Sindano

24 Julai

Mwanangu,

Njoo. Sikatai.

Lakini usiniombe radhi, sitaipokea, sina pa kuiweka. Umejibu mwenyewe kwa nini nilikuficha: ungekuja siku hiyo hiyo. Ungeacha darasa, mkaguzi angekuta ubao mtupu, nami ningelala wodini na maumivu mawili, ya figo na yako. Ya figo yalinitosha.

Na kuna jingine, nikwambie ukweli. Niliona haya. Nimezaa, nimezika, nimevua watu wazima nguo nikawapima, lakini kumwambia mwanangu wa kiume kwamba mkojo wangu una damu, ulimi ulikataa. Nikamtuma mteja. Mteja akapata jibu ambalo mimi nisingelipata. Ningeuliza kama mama, ungenifariji. Nilipouliza kwa niaba ya mtu, ulinifundisha.

Unasema hukuona. Wewe uliandika maneno, maneno yakaniinua kitandani. Wapo waliosoma kuliko wewe, wanaona, na hakuna anayeinuka kwa maneno yao.

Jana nilirudi kupimwa. Mrija waliouacha ndani walishautoa mwezi uliopita. Walipima mkojo, wakapiga picha. Daktari akazungusha kioo cha mashine nijionee: figo ya kulia imerudi saizi yake, sentimita kumi na moja. Nikamwambia, na upana sita, na unene tatu. Akacheka, akaniuliza kama kile kizibao ninaweza kumshonea kimoja kwa ajili ya wagonjwa wake. Nikamwambia apange foleni, shule zimetangulia.

Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu. Kutoka hospitali hadi dukani sikupanda kitu. Nilitembea barabara yote ya maduka, katikati ya watu, mgongo umenyooka, chupa ya maji mkononi, nakunywa huku nakwenda. Yule mwuza viatu wa kona akaniita, "Fundi! Umependeza leo, unatoka harusini?"

"Natoka kupima mkojo," nikamjibu, kwa sauti, mpaka wa ng'ambo ya barabara wakasikia. "Na ni safi!"

Mama yako